Nusu ya Chini ya Karatasi

Fomu ya rufaa ina nusu mbili. Nusu ya juu huandikwa kwa haraka, mara nyingi na mtu aliyesimama, karatasi ikiwa juu ya goti au juu ya kitanda cha mgonjwa mwenyewe: jina, umri, kijiji, presha, mapigo ya moyo, dripu imetundikwa saa ngapi, sindano gani imechomwa, sababu ya rufaa, sahihi, muhuri. Wino umekolea hapa na kufifia pale, muhuri umepigwa upande, na pembeni pana alama ya kidole chenye jasho. Kisha unafuata mstari wa nukta, na chini ya mstari huo nusu ya pili, ambayo atakayempokea mgonjwa ameombwa aijaze na kuirudisha ilikotoka: tumemkuta na tatizo gani, tumemfanyia nini, ameendeleaje, tunashauri nini. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya nchi hii, nusu ya juu husafiri. Hupanda gari la wagonjwa au bodaboda, hupita Nyamwaga na kuvuka Daraja la Kirumi, au hupita Natta, kuelekea Musoma, na pengine huendelea kupitia Bunda na Lamadi mpaka Hospitali ya Bugando, Mwanza. Nusu ya chini husafiri nayo, nyeupe, na huishia kwenye jalada la huko iendako, mara nyingi nyeupe vilevile.

Weupe huo umekuwa ukinikaa moyoni. Tumezoea kuuita uzembe wa makaratasi, jambo la kusemwa na wasimamizi kwenye kikao cha robo mwaka na kusahauliwa kabla ya chai. Utazame kwa macho ya yule aliyeandika nusu ya juu. Tabibu wa zahanati amekesha na mama mwenye degedege la kifafa cha mimba. Amemchoma magnesiamu, amepiga 115 kuita usafiri wa m-mama, gari limekuja, ndugu wamepanda na khanga na ndoo, taa nyekundu za nyuma zimepotea kwenye kona. Hapo ndipo habari inapokatika kwake. Dozi ilitosha? Alichelewa kupiga simu? Au alichokiita kifafa cha mimba kilikuwa malaria iliyopanda kichwani? Mama alifika? Mtoto je? Kesho yake anafungua mlango, mabenchi yamejaa, na mgonjwa mwingine amekwisha kaa mbele yake. Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga, nasi tukitaka kumsifu mtu wa tiba hutaja miaka yake kazini. Lakini wahenga walisema kuona. Mtu anaweza kukaa zahanati moja miaka ishirini, akapokea watu kwa maelfu, asiujue mwisho wa wale waliomtatiza zaidi, kwa sababu waliomtatiza zaidi ndio hasa aliowaandikia rufaa. Wanaobaki ni wale aliowamudu, au aliodhani amewamudu.

Wataalamu wa elimu ya tiba wana namna yao ya kumweleza mwanafunzi bora wa maisha: hujiwekea lengo, hujitazama anavyokwenda, hugundua pengo lake, hujirekebisha. Sina ugomvi nao. Ila maelezo hayo huweka kila kitu ndani ya kichwa cha mtu mmoja, tena kama suala la tabia njema. Mtu anayelenga shabaha usiku, asiyesikia hata mshale wake umeangukia wapi, utamwambiaje kwamba kinachompungukia ni bidii? Hata mwenye bidii kuliko wote huhitaji kitu kimrudie kutoka huko alikorusha. Katika vilima vya Tarime na tambarare za Serengeti, mimi naona hilo ndilo swali lenyewe, na hayo mengine yote, vitabu, semina, simu, vyeti, yana faida kwa kadiri yanavyosaidia jibu lirudi.

Tena kuna lililo baya kuliko kutoujua mwisho, nalo ni kudanganywa na mwisho mwema. Chukua homa. Kwa miaka mingi nchini mwetu homa ilikuwa malaria mpaka ionekane vingine, na hapakuwa na wa kuionyesha. Mgonjwa alikuja anatetemeka, akapewa klorokwini. Tangu 2001 akapewa SP. Kuanzia mwishoni mwa 2006 akapewa dawa ya mseto. Siku ya nne alikuwa shambani. Tabibu alijifunza nini? Alijifunza kwamba hakukosea. Kumbe homa nyingi huondoka zenyewe, ukimpa mgonjwa dawa au ukimpa maji ya kunywa, na kila iliyoondoka ilimwongezea tabibu imani katika jambo ambalo huenda halikuwapo. Huko Moshi watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali kati ya 2007 na 2008. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa hao. Vipimo vya kina vilipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa watu 14 tu. Wengine wengi walikuwa na maradhi yanayotoka kwa wanyama, bruselosi na leptospirosi na homa ya Q, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa ameandikiwa hivyo alipopokelewa. Hao hawakuwa madaktari wavivu. Walikuwa watu waliofundishwa vizuri na uzoefu wao, na uzoefu ukawafundisha uongo.

Mkoa wa Mara si Moshi, na hapo ndipo jambo linapozidi kukaza. Kanda ya Ziwa malaria ipo, tena tele, na mtu anaweza kuwa na vimelea katika damu huku kinachomwangusha ni kitu kingine kabisa. Siku hizi kuna kipimo cha haraka: kibanzi cha plastiki, tone la damu kutoka kidoleni, matone ya dawa, dakika 15 au 20, kisha mstari mmoja au miwili. Ni msaada mkubwa, nani atabisha. Lakini kipimo hicho hutafuta protini ambayo vimelea huiacha katika damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa, hivyo mstari wa leo waweza kuwa unasimulia malaria ya mwezi uliopita. Halafu anakuja mchungaji kutoka upande wa Machochwe, ana homa isiyokwisha, viungo vinamuuma, usiku analowa jasho. Ameshapimwa sehemu tatu, na kote ameambiwa maneno yaleyale ambayo kila Mtanzania ameyasikia dirishani: una taifodi na yutiai. Kila mara alipewa vidonge, kila mara alipata nafuu wiki moja hivi, kila mara homa ilirudi. Bruselosi ndivyo ilivyo, huja na kuondoka kwa mawimbi, na kila wimbi linapotulia aliyetoa vidonge mara ya mwisho hupewa sifa. Swali ambalo lingefungua fumbo halimo katika fomu yoyote: ng'ombe wako wametupa mimba mwaka huu? Uliwazalisha kwa mikono mitupu? Maziwa mnayachemsha, au mnayaacha yagande hivyo hivyo? Wakurya na majirani zao ni watu wa ng'ombe. Jibu lingepatikana pale pale kwenye benchi, ila nani aliyewahi kurudi kumwambia tabibu kwamba lilihitaji kuulizwa?

Hata malale yana kisa cha namna hiyo. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliopita katika hifadhi za Serengeti na Tarangire waliumwa na mbung'o, na ugonjwa ukajulikana wakiwa wamekwisha kurudi kwao Ulaya, mbele ya madaktari ambao pengine hawakuwahi kumwona mbung'o ila kitabuni. Siku za mwanzo malale ni homa tu. Kuyakamata kunataka hadubini, na mtu mwenye shaka nyuma ya hadubini. Mgeni alikuwa na vyote viwili. Tena alikuwa na faida ya kuwa mgeni, kwa sababu homa yake ilimshangaza daktari wake. Hapa kwetu homa haimshangazi mtu.

Lakini wilaya ya Serengeti ina mfano mwingine, na huu ndio unaonitia moyo, ingawa unaanza na jambo la kutisha. Kichaa cha mbwa hakina msamaha. Virusi hupanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu kutoka pale jino lilipoingia hadi kwenye ubongo, wiki kadhaa, mara nyingine miezi, na dalili zikishatokeza karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo, jeraha likioshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na chanjo zikatolewa kwa wakati, karibu hakuna anayekufa. Basi anakuja mtoto ameng'atwa mguuni. Chanjo ni ghali, haikai zahanati bali hospitali ya wilaya, na mara nyingine hata huko imekwisha. Mbwa alikuwa na kichaa, au alikanyagwa mkia? Tabibu akimpeleka mtoto achanjwe na mtoto akawa mzima, amejifunza nini? Hakuna. Huenda chanjo ilimwokoa, huenda mbwa alikuwa mzima siku zote. Akimwambia aende nyumbani na mtoto akawa mzima, amejifunza nini? Ubaya tupu, kwa sababu mara ya pili atakuwa na ujasiri zaidi. Hata mwisho wa mgonjwa hautoshi kumfundisha. Jibu liko kwa mbwa.

Na huko Serengeti watu waliwafuata mbwa. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, ilikuwa imeua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi, macho ya watafiti yakawageukia mbwa wa vijijini. Na kuanzia 2002 timu za Kitanzania pamoja na wenzao wa nje zilianza kuchukua majina ya watu walioandikwa katika daftari za wagonjwa kwamba wameng'atwa, zikaenda boma kwa boma. Mbwa gani? Wa nani? Alikuwaje siku ile, alikuwa akitoa udenda, alikula mawe? Yeye aling'atwa na nani kabla, na alimng'ata nani baadaye? Walifanya hivyo kwa miaka 14 bila kuchoka, mpaka mnyororo wa ugonjwa katika wilaya nzima ukaonekana kiungo kwa kiungo. Baadaye, mwaka 2018, mikoa kadhaa, Mara ukiwemo, ilianza utaratibu uliozaliwa na kazi hiyo: tabibu akimpokea aliyeng'atwa na kuona dalili za hatari, humpigia simu afisa mifugo, afisa mifugo huenda kumwona mnyama, au kichwa chake, akimkuta hai humwekea macho siku kumi, kisha habari humrudia tabibu. Mbwa amekufa, chanja. Mbwa mzima, tulia. Sijui kama waliobuni walifikiria sana elimu ya tabibu. Walikuwa wakitafuta ugonjwa. Lakini tazama walichomfanyia. Shaka yake ya asubuhi inapata jibu kabla mwezi haujaandama. Akiendelea hivyo mwaka mzima, anajua mbwa gani wa kuogopa, na anajua kwa nini anajua.

Nimesema simu, na simu inanipeleka kwenye jambo la aibu. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, na tunawaonyesha kinyume chake kutwa kucha. Tabibu akifungua Mwongozo wa Taifa wa Matibabu mbele ya mgonjwa, au akitoa simu kutazama dozi ya mtoto wa kilo nane, bibi aliyekaa pembeni anamtazama mkwewe. Yamkini anasema kwa Kikurya, kwa sauti isiyojificha: huyu naye bado anasoma? Mzee aliyetoka Nyanungu kwa miguu hakuja kumwona mwanafunzi. Kwa hiyo tabibu hujifunza kukisia kwa sauti ya kujiamini, na kitabu kinabaki kwenye droo, kikiwa kipya mno kwa umri wake. Wapo wachache waliogundua njia, nao humwambia mgonjwa waziwazi: mama, ngoja nihakikishe, dawa hii sitaki kuikosea. Wanasema watu huanza kwa kushangaa, halafu huwapenda kwa hilo. Naamini, ingawa inahitaji moyo mgumu kuanza.

Aibu ya juu ni kali kuliko ya chini. Tabibu anampigia daktari wa hospitali saa nane usiku: shikamoo dokta, nina mama hapa anavuja damu. Marahaba, ulikuwa unasubiri nini? Maneno manne, na pengine aliyeyasema amechoka tu, ana upasuaji wa pili mezani na damu imekwisha benki. Lakini maneno hayo yanafundisha, tena yanafundisha haraka kuliko semina yoyote: mara ya pili usipige mpaka uwe na hakika, na ukiwa na hakika utakuwa umechelewa kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kuwaelekezea wagonjwa, na mimi nadhani inawahusu waganga kwanza. Wanaojificha wana mahali pao siku hizi, makundi ya WhatsApp ya waliosoma chuo pamoja, ambako mtu hutuma picha ya upele au ya kitabu cha wagonjwa na kuuliza: wakuu, hii mnaionaje? Humo wanauliza kweli, kwa sababu hakuna bosi. Humo pia picha ya mwili wa mtu inazunguka bila ruhusa yake, na mwenye kuandika kwa herufi kubwa ndiye anayeonekana anajua. Lakini ni shule, na wameijenga wenyewe bila posho.

Kuna elimu nyingine inayopotea kwa sababu ya ngazi. Kijana aliyesoma Mbeya au Mtwara anapangiwa Tarime, hajui Kikurya, na wiki ya kwanza leba anakutana na kovu ambalo chuoni aliliona kwenye mchoro. Ukeketaji wa watoto wa kike umekatazwa na sheria tangu 1998, na miezi ya mwisho wa mwaka bado ni miezi ya hofu kwa wasichana wengi huku. Basi mama wengi wanaojifungua hapa wana makovu hayo. Kovu halitanuki, mtoto anakwama, msamba unachanika vibaya, damu. Ni nani anayejua mkono upite wapi na wakati gani? Mara nyingi ni muuguzi mzee mwenye cheti cha chini, au hata mhudumu wa wodi aliyekuwa akishika taa miaka yote hiyo. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee huyo hakai kwenye kiti cha mwalimu. Kijana akiwa na busara atasimama kando yake na kusema, mama, nionyeshe. Nao wapo wanaokaa miaka mitatu wakimwita "we nesi" na kuondoka na uhamisho wao wakiwa hawajaonyeshwa kitu.

Juu ya semina sitazungumza sana, kila mtu anazijua. Ukumbi, projekta, chai ya saa nne, karatasi ya mahudhurio, posho, cheti, na baada ya hapo pointi za elimu endelevu kwa ajili ya leseni. Aliyekwenda hurudi na kabrasha. Waliobaki walikuwa wakifanya zamu yake. Kisa kinachostahili kukaa nacho kinatoka Haydom, upande wa pili wa nyika hizi, katika Mkoa wa Manyara. Mwaka 2010 wakunga wa hospitali ile walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyelia: kumkausha, kumsugua mgongo, na kumpulizia hewa kwa ambu ndani ya dakika ya kwanza. Walijifunzia doli linalojazwa maji ili liwe na uzito wa mtoto. Ukilishika kichwa hulegea mkononi mpaka unashtuka. Miezi kadhaa baadaye walipimwa kwa doli lile, wakafanya vizuri kuliko kabla. Ndani ya leba, kwa watoto wa kweli, watafiti walipotazama, hakuna kilichobadilika. Hapo wengi wangeandika ripoti ya kusifu mafunzo na kufunga faili. Wao waliliacha doli wodini. Mazoezi yakawa mafupi, dakika chache tu, kila wiki, mkunga akiwa kwenye zamu yake na viatu vyake vya wodini. Baada ya hapo ndipo leba ilipobadilika, na vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua. Kazi hiyo ilikua ikawa mpango wa vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto katika siku ya kwanza vimepungua kwa takriban asilimia 40. Mara haikuwa mmojawapo wa mikoa hiyo mitano. Nikilifikiria doli lile, sioni ajabu ya plastiki. Naona kwamba lilikuwa pale pale, karibu na mtoto wa jana ambaye hakulia, wakati wakunga bado wanakumbuka nani alishika nini. Mwanza wamekwenda mbali zaidi, wakajaribu masomo ya kwenye simu yanayomsoma anayesoma: analolijua halimrudii, analokosea linamrudia mpaka alishike. Ni hatua nzuri. Simu inajua nimekosea swali. Kwamba nimemkosea mgonjwa wa Alhamisi, hiyo haijui.

Daftari moja nililolitazama lilikuwa linajua. Lilikuwa la shule, kurasa 96, jalada limefunikwa kwa gazeti, na mwenyewe alikuwa amelichora mistari kwa rula: tarehe, nilichodhani, nilichofanya, namba ya ndugu, kilichotokea. Baada ya siku chache humpigia ndugu kwa vocha yake mwenyewe na kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Safu ya mwisho haikuwa imejaa. Palikuwa na "amejifungua salama Musoma, mtoto wa kike", palikuwa na "haikuwa kidole tumbo, ni mimba nje ya kizazi", na hapo mwandiko ulikuwa umekandamizwa mpaka ukurasa wa pili. Palikuwa na "simu haipatikani" nyingi. Palikuwa na "amevuka", maana yake ndugu walimpitisha Sirari wakampeleka Migori, Kenya, ambako wana shangazi. Na palikuwa na "amefariki" bila neno la ziada. Mtu huyo hakuwa na darasa lolote. Alikuwa ameijaza nusu ya chini ya karatasi yeye mwenyewe, kwa wale alioweza kuwapata.

Vitabu vya MTUHA, rejista za vituo vya afya, vinaweza kufanya zaidi, na ndiyo maana vinaniuma. Kila zahanati inavyo, vikubwa, vizito, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje kimechakaa kwenye kona. Kila mwezi hujumlishwa, jumla huenda wilayani, wilayani hadi mkoani, mkoani hadi taifani. Inapanda tu. Historia ya tiba katika Afrika Mashariki imejaa majibu yaliyolala ndani ya vitabu hivyo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alipoandika mwaka 1958 juu ya watoto waliovimba taya, ilionekana ni ugonjwa mpya. Baadaye, maandishi ya zamani ya Albert Cook katika hospitali ya Mengo, iliyofunguliwa 1897, yalipopekuliwa, watoto hao walikuwamo tangu miaka ya mwanzo ya karne. Kila daktari aliyekuwa porini peke yake alikuwa amewaona wawili watatu, akashangaa, akawaandika, akaendelea. Burkitt alituma vipeperushi vyenye picha hospitali hadi hospitali akiuliza: huyu umewahi kumwona? Mwaka 1961 akapanda gari pamoja na wenzake wawili akaenda kuuliza mwenyewe, Uganda mpaka Afrika Kusini. Waliokuwa wakikisia kila mmoja kivyake wakajikuta walikuwa wakitazama kitu kimoja. Na iliyokuwa wilaya ya Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo, ikaingia katika habari hiyo: kutoka Shirati, hospitali ya Wamenoni, uvimbe huo ulifuatiliwa miaka mingi, na kati ya 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kutaupunguza. Ulipungua. Ila rejista zilionyesha kwamba ulikuwa umeanza kupungua kabla ya kidonge cha kwanza. Bila rejista hizo, klorokwini ingevishwa taji.

Siku hizi kuna vikao vya mapitio ya vifo vya wazazi na watoto wachanga. Mama akifariki, hospitali hukaa chini, jalada hufunguliwa, na kanuni ya kikao ni kwamba asitajwe mtu wala asilaumiwe mtu. Litafutwe pengo lilikokuwa. Kanuni hiyo huvunjwa na kushikwa kutegemea nani amekaa kiti cha mbele, lakini kwamba ipo tu ni jambo kubwa katika nchi yenye ngazi kama yetu. Anayekosekana mara nyingi ni yule aliyeandika nusu ya juu. Mapengo hutajwa, "alichelewa kuletwa", na aliyemchelewesha, kama alimchelewesha, hayupo kusema kwamba mto ulikuwa umejaa na kufunga barabara, au kwamba dalili alizoziona saa kumi na mbili jioni hazikuwa hizi zilizoandikwa saa saba usiku. Wala hayupo kusikia. Wanaomtetea Mganga Mkuu wa Wilaya husema mialiko hutumwa, na ni kweli hutumwa. Kikao kinaanza saa tatu asubuhi Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Saa tatu asubuhi ni kliniki ya watoto, mwenzake yuko likizo ya uzazi, na funguo za zahanati anazo yeye.